Boksi la Pistoni za Zamani

2 Februari

Mjomba, shikamoo.

Kama umesimama karibu na mtambo, toka hapo, tafuta kiti, ukae, ndipo usome. Nimepata gari.

Najua unachotaka kusema, kwamba hata mwaka jana nilisema nimepata. Lile lilikuwa la mtu aliyebandika stika akajiona dereva wa mashindano. Hili ni kitu kingine. Lina milango miwili, buluu iliyoiva, limekaa chini kiasi kwamba kuingia ni lazima ujikunje kama unatafuta kiatu chini ya kitanda. Turbo kubwa, gia sita, viti vinavyokubana mbavu usiyumbe kwenye kona. Nililiona limeegeshwa nyuma ya studio ya mpiga picha. Mwanafunzi wangu aliyekuwa kwenye usukani akaniuliza akate kushoto au kulia, nikamwambia asimame hapohapo. Tangu nianze kazi hii sijawahi kusimamisha somo kwa haja zangu mwenyewe.

Sasa sikia la pili: klabu wamenikubalia. Mashindano ya kupanda mlima, mwezi wa Mei, gari moja moja, kutoka darajani mpaka mnarani. Miaka yote nimekaa kiti cha pembeni, mguu kwenye breki ya pili, nikifundisha watu kwenda polepole, mpaka wakanibatiza Mwalimu Breki. Mara hii zamu ni yangu. Nafasi ninayo, kofia ngumu ninayo, kilichobaki ni gari. Asiyeleta gari siku ya ukaguzi, nafasi yake anapewa anayemfuata kwenye foleni, na foleni yenyewe ni ndefu.

Mpiga picha anasema injini ilifumuliwa yote, ikawekwa pistoni ngumu za mashindano ili zihimili ile turbo. Risiti za hiyo kazi hana, fundi alihama mji, lakini hilo ni jambo dogo.

Barua nampa dereva wa lori la chakula cha kambi, maana huko bwawani kwenu simu haishiki hata ukipanda juu ya tangi. Nijibu upesi, siwezi kula.

Mpwa wako,
Mwalimu Breki


7 Februari, kambini

Marahaba, mpwa wangu.

Nimekaa, nimesoma, nimesimama tena. Umejaza karatasi kwa rangi na viti, halafu injini umeipa mstari mmoja, tena mwishoni, kama mtu anayetaja deni akiwa tayari mlangoni. Hilo unaloliita jambo dogo ndilo gari lenyewe. Mengine yote ni bati na sponji.

Nisikilize. Turbo kubwa inasukuma hewa nyingi kwenye injini. Pistoni za kiwandani hazikutengenezwa kwa kipigo hicho. Zitavumilia ukienda sokoni na kurudi. Siku utakapokanyaga mafuta mpaka sakafuni mlimani, moja itatoboka, oili itamwagikia matairi, nawe uko katikati ya kona. Dada yangu alipokuwa anaondoka duniani aliniachia wewe, binti yake, mzima. Sina mpango wa kukuokota vipandevipande.

Hiyo risiti hata angekuwa nayo isingenitisha. Risiti mtu anaandika amelala. Sheria yangu unaijua tangu ulipokuwa unachezea spana zangu: fundi akibadilisha kitu, akukabidhi cha zamani mkononi. Ukikiona cha zamani, kimetoka. Usipokiona, bado kimo. Mwambie huyo mpiga picha akuonyeshe pistoni zilizotolewa. Akianza kukuna kichwa, aga uondoke. Sitaki uuziwe mbuzi kwenye gunia.

Mjomba wako

Nimesahau: ukiondoa mguu ghafla kwenye mafuta, turbo inatoa mlio gani? Nauliza kwa sababu za kiufundi tu.


14 Februari

Mjomba, shikamoo.

Hakukuna kichwa.

Nilimuuliza neno kwa neno kama ulivyoandika. Akaingia nyuma ya lile pazia jeupe analopigia watu picha za pasipoti, nikasikia akisukuma viti, akatoka na boksi la viatu amelikumbatia kwa mikono miwili. Ndani pistoni nne, zimefungwa kwenye magazeti. Nyeusi juu, zimechakaa pembeni, nzito. Nimezishika moja moja, Mjomba. Mikono yangu bado inanuka oili na sitaki kuinawa. Anasema fundi alimkabidhi siku aliyochukua gari, na amezitunza kwa sababu alimwona fundi yule ni mtu mwaminifu.

Kwa sheria yako mwenyewe, huo si ushahidi?

Tukatoka kulijaribu. Yeye analiendesha kama amebeba mayai, maana muda wote ana kamera zake nyuma. Akaniachia usukani kwenye barabara ya kiwanda cha matofali, ambako hakuna mtu. Sikukanyaga sana, nakuapia, nusu tu. Gari likavuta, kiti kikanipokea mgongo, nikasikia mtu anacheka kwa sauti na kumbe ni mimi. Na nilipoondoa mguu, ile turbo ikapiga chafya. Ndefu, kama ya mtu aliyenusa pilipili. Nikarudia mara kadhaa bila sababu yoyote ya kiufundi.

Mchana nilirudi kazini na mwanafunzi akagonga ndoo ya rangi akirudi nyuma. Akaomba radhi, akanitazama, akaniuliza mbona natabasamu.

Mpiga picha amekubali kunishikia mpaka mwisho wa mwezi, ila kuna mtu mwingine anampigia simu kila asubuhi. Akiba yangu yote iko tayari. Nasubiri neno lako tu. Sema ndiyo.

Mpwa wako,
Breki


17 Februari, kambini

Marahaba.

Usinunue.

Usimpe chochote, usimwahidi chochote, usiende tena pale studio. Usiniulize kwa nini, nina sababu zangu. Akiba yako iache benki ilikolala.

Pistoni zote nne, umesema? Na zilikuwa na masizi juu? Hebu niambie vizuri hiyo chafya, inakatika mara moja au inatetemeka mwishoni?

Lakini usinunue.

Mjomba wako


21 Februari, jioni

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ya mwisho ilinikata maini. Niliisoma nimesimama getini, nikaikunja, nikaikunjua, nikidhani labda kuna upande wa pili. Nilikupa kile ulichokitaka, ukasema hapana bila hata kunieleza. Siku nzima niliwafokea wanafunzi wasio na kosa.

Kisha nikasema, basi nitamletea mzee huyu ushahidi mpaka akose pa kujificha. Kati ya wanafunzi wangu kuna fundi wa mabomba, yule anayeogopa kurudi nyuma. Ana kamera nyembamba, uzi tu wenye jicho na taa mbele, anaiingiza kwenye mabomba ya watu kuona kilichokwama, na picha inatokea kwenye simu. Nikaiazima kwake. Leo asubuhi mimi na mpiga picha tukafungua plagi za gari, tukaushusha ule uzi kwenye tundu la silinda ya kwanza.

Mpiga picha alikuwa ameniambia pistoni za mashindano zina bonde katikati, fundi alimchorea. Tukatazama. Hakuna bonde. Ni bapa, na pembeni kuna mikato miwili myembamba. Tukatoa ile ya kwenye boksi, tukaiweka kando ya simu. Ni zilezile, Mjomba. Ndugu wa tumbo moja. Tukaingia silinda ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuna kilichotolewa humo tangu gari litoke kiwandani. Zile za kwenye boksi fundi aliziokota kwenye injini nyingine iliyokufa, akampa mteja wake aende nazo nyumbani akiwa na furaha.

Mpiga picha alikaa kwenye kizingiti cha studio. Alilipa kazi ile yote, na muda wote huu amekuwa akiwaonyesha wageni lile boksi. Hakuwa ananidanganya. Ameingizwa mjini kama nilivyokaribia kuingizwa mimi. Injini imepona kwa sababu ya yale mayai yake tu.

Kwa hiyo nimemwambia basi. Nimerudi nyumbani kwa miguu na nimelia, sikufichi. Nilikuwa nimeshajiona mnarani. Jumatatu nitawaambia klabu wampe nafasi mwingine, maana gari jingine la kufaa sitalipata kwa muda uliobaki.

Lakini nakushukuru. Fundi yule alijua watu wanaishi kwa sheria kama yako, akaitumia hiyohiyo. Wewe hukuliona lile boksi, umekaa milimani huko, na bado ulikataa. Sijui ulijuaje. Kuanzia leo ukisema hapana, sitauliza.

Mpwa wako


21 Februari, kambini, kabla lori halijaondoka

Mpwa wangu kipenzi,

Toka nje utazame. Liko nje au haliko? Kama haliko, subiri kidogo, dereva ana kawaida ya kunywa chai kwanza.

Nilikuambia usinunue kwa sababu ninalinunua mimi. Dereva wa lori anaondoka na bahasha yangu na amri tatu: aende moja kwa moja kwa mpiga picha, alichukue gari, akukabidhi funguo wewe. Nimemwambia asisikilize maneno ya mtu yeyote, kwa sababu naijua miji, mtu akiona unataka kitu anaanza kukuletea hadithi. Na hasa asikusikilize wewe, maana ungekataa zawadi.

Uliponiambia pistoni nne mkononi, mimi nilikuwa nimekwisha. Ushahidi gani zaidi mtu anataka? Nilijitia kukaza sura kwenye barua, lakini hata hapo nilishindwa kuacha kukuuliza habari ya chafya.

Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Tangu tumzike mama yako sijataka kitu. Nakula kwa sababu kengele imelia, nalala kwa sababu taa zimezimwa. Barua yako ya chafya niliisoma mara nyingi mpaka mpishi akaniuliza kama nimepata mchumba. Nilijikuta bafuni naigiza ule mlio. Mzee mzima. Nimetaka kitu, mpwa wangu, na nilichokitaka ni wewe upande ule mlima ndani ya hilo gari.

Akiba yako nunulia matairi mazuri. Funga mkanda.

Mjomba wako


22 Februari

Kwako Mzee,

Mimi ndiye mpiga picha. Hatujuani, lakini nimelazimika kukuandikia ili usinione mwizi.

Mtu wako alifika leo studio akiwa na bahasha. Nilimwambia gari lina kasoro, injini haikufanyiwa kazi, tumeona kwa macho yetu jana na mpwa wako alikuwepo. Akajibu kwamba alitumwa gari, hakutumwa maneno. Nilimwambia mara ya pili. Akaziba masikio kwa vidole, Mzee, mbele ya wateja wangu waliokuwa wanasubiri picha. Nilimwambia ampigie mpwa wako, akasema huyo hasa ndiye amekatazwa kumsikiliza.

Nimemwachia gari kwa bei ya gari lisilo na injini ya mashindano, kiasi kilichozidi nimekirudisha humu ndani ya bahasha yako. Boksi pia nimempa, silitaki machoni pangu. Niwie radhi. Na mimi nilipigwa changa la macho.

Mpiga picha


22 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nakutumia barua zangu mbili pamoja na ile ya mpiga picha. Anza na ile ya jana, uimalize, ndipo urudi hapa. Nakusubiri.

Haya. Umeona sasa?

Ile ya jana nilikuwa nayo mkononi getini leo asubuhi, nikimsubiri dereva aje na lori. Akaja bila lori. Akaja ndani ya gari la buluu, kichwa kimegusa paa, ameushikilia usukani kama anaendesha trekta, na aliposimama turbo ikapiga chafya. Nilidhani nimepatwa na homa. Akanipa funguo, barua yako, bahasha ya mpiga picha, kisha akaniambia nisimweleze chochote kwa sababu hatasikia.

Nilisoma barua yako nimeegemea boneti. Nilicheka mpaka jirani akafungua dirisha. Mimi hapa namsifu mjomba wangu kwamba ameona hatari toka milimani, kumbe mwenzangu yuko bafuni anaigiza mlio wa turbo. Halafu nikafika pale ulipomtaja Mama, nikakaa chini kwenye saruji. Sikujua, Mjomba. Barua zako zilikuwa zinasema uko salama.

Kwa hiyo hali ni hii. Nina gari zuri lenye injini isiyoweza kupanda ule mlima. Nina pesa alizorudisha mpiga picha, na zinatosha pistoni za kweli. Nina nafasi yangu klabuni, kwa sababu Jumatatu siendi kusema lolote. Nina uwanja wenye kivuli nyuma ya nyumba. Sina fundi.

Likizo yako ni lini? Sitaki fundi mwingine aliguse.

Mpwa wako,
Breki


28 Februari, kambini

Mpwa wangu,

Aibu imenishika na imenikalia. Nilimfundisha kila kijana aliyepita mikononi mwangu asiamini mpaka aone, halafu nikanunua kwa kusikia. Dereva ameshaisambaza habari yote kambini, tena ameongeza chumvi. Jana nimeenda kuomba sukari, mpishi akaniuliza nina ushahidi kwamba chai yangu haina.

Na pamoja na aibu hiyo, nimeamka asubuhi kabla ya kengele.

Agiza pistoni na ringi zake, na gasketi zote mpya. Kabla hujalipa zipige picha unitumie. Bosi amenipa likizo kuanzia katikati ya Machi, na nimemwambia akinizuia nitaacha kazi. Sijawahi kumwambia mtu hivyo. Alicheka akatia sahihi.

Usiliwashe mpaka nifike. Kulikalia unaruhusiwa.

Mjomba wako


10 Mei, kambini

Mpwa wangu,

Leo ndiyo leo. Naandika ingawa najua lori halitaondoka mpaka kesho na hutasoma hii kabla ya mbio. Ni kwamba nisipoandika nitatembea tena kuzunguka mtambo, na wenzangu wamechoka kunitazama.

Nilikasirika sana likizo ilipoisha kabla ya siku yako. Ila ile asubuhi tulipoiwasha injini mara ya kwanza baada ya kufunga pistoni mpya, ikakohoa, ikanyamaza, ukanitazama, tukajaribu tena ikashika, hiyo siibadilishi na chochote. Uliniuliza mbona nimegeuka. Nilikuwa nalia, mama, basi.

Sasa saa nne imepita. Utakuwa umeshapanda au uko kwenye mstari. Kila boliti nimeipitia kichwani na zote zimekaza. Sijui zaidi ya hapo. Niandikie hata mstari mmoja.

Mjomba wako


10 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nimefika juu.

Naanza na hilo kwa sababu najua unatembea huko kama mgambo. Nimefika, gari limefika, injini haikutoa hata moshi. Nimekuwa wa sita. Wa sita, Mjomba, na nyuma yangu kuna watu ambao nimekuwa nikiwapigia makofi pembeni ya barabara miaka yote.

Pale darajani nilikaza mkanda mara tatu. Bendera ikashuka nikasahau kila kitu isipokuwa gia. Kona ya kwanza nikaingia na woga, nikapoteza muda. Ya pili nikaacha kuomba. Baada ya ile ya mawe barabara inanyooka kidogo, na hapo ndipo uliponiambia nisikanyage mpaka niwe nimeamua. Nikaamua. Nikakanyaga mpaka sakafuni, mahali ambapo zile pistoni za zamani zingeniacha, na gari likaondoka na mimi. Nilipiga kelele njia nzima. Watu wa klabu wanasema walinisikia kabla hawajasikia injini.

Kule mnarani akaja mtu mmoja, mwenye miwani ya bei, akalizunguka gari mara mbili, akasema analitaka, nitaje bei. Kisha akauliza nina ushahidi gani wa kazi ya injini. Karatasi hatukuandika. Pistoni tulizozitoa ziko uani, lakini hizo mimi na wewe tunajua hazithibitishi kitu. Nikamwambia aliyeifunga ni mjomba wangu, na mimi nilikuwepo. Akacheka, akasema huo si ushahidi. Nikamwambia kweli, kwake si ushahidi, na gari haliuzwi.

Alipoondoka niliingia ndani nikafunga milango, nikalia kidogo, nikajifuta, nikashuka mlima polepole nyuma ya gari la wagonjwa lililokuwa tupu. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu pia, na nilikutazama hapo njia nzima. Klabu wanaruhusu mtu wa pili mwakani. Jina lako nimeshaliandika, Mjomba, sikukuuliza.

Mpwa wako